Wamekunywa?

Picha iliyonipa jina ni ya ndege ambao hawakutua. Ukiitazama utaona anga la asubuhi lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa zafarani, chini kabisa mstari mwembamba wa mikoma, na katikati firigogo wamejipinda kwa pamoja kama ushanga uliomwagika kwenye sinia. Siku moja niliwahesabu kwa ncha ya kalamu nikapata 143. Niliipa jina "Ngoma ya Jangwani". Kampuni moja iliinunua ikaiweka kwenye kalenda yake, mwezi wa Agosti, na hadi leo kuna ofisi hapa Mombasa ambako ukurasa huo ulibanduliwa ukatiwa fremu.

Natoa ushuhuda kuhusu picha hiyo. Kanuni ya ushuhuda inajulikana: mtu hueleza alikotoka bila kujipamba, hutaja siku aliyoguswa, kisha huonyesha alipofika. Mawili ya kwanza nitayaweza. La tatu, bado niko njiani.

Kazi yangu ni harusi. Mombasa mpigapicha mwanamke hakosi kazi, kwa sababu ukumbi wa kupamba hauingii mwanamume. Kina mama hufika wamejifunika mabuibui. Wakishavuka mlango buibui huvuliwa, na ndani kuna nywele, dhahabu na hina ambazo barabarani hazionekani. Simu huachwa mlangoni kwenye kikapu, na bibi mmoja wa makamo hukikalia kikapu hicho kama mlinzi wa benki. Kamera inayobaki ukumbini ni yangu peke yake. Kabla ya kupiga, nauliza. Nikishapiga, namwonyesha mwenyewe. Kazi ikiisha, picha zote hukabidhiwa mama wa bi harusi na kwangu haibaki hata moja. Kwa miaka tisa sikuwahi kuweka mtandaoni hata kidole cha bi harusi. Adabu hiyo sikuipata chuoni. Shangazi yangu, aliyenipeleka kwenye harusi yangu ya kwanza, aliniambia tukiwa bado kwenye tuktuk: "Mwanangu, ukimpiga mtu picha umeshika siri yake. Usiitoe mfukoni."

Ilipofika Machi 2020, corona ilifunga kumbi. Mikusanyiko ilipigwa marufuku, baadaye wakaruhusiwa watu wa kuhesabika, na kafyu ikazika kabisa sherehe za usiku. Kamera ililala kabatini wiki mbili, kisha nikaanza kutoka nayo alfajiri baada ya swala kwenda kupiga picha kunguru wa Tudor na yangeyange waliosimama matopeni. Ndege halipishi, haulizi picha zitatoka lini, wala hana mama mkwe wa kulalamika kuwa amenenepeshwa. Nilinogewa. Niliuza bangili mbili nikanunua lenzi ya mkononi inayofika milimita 600, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Dada yangu akasema nimepandwa na jini la ndege.

Nilichonogewa zaidi, niseme kweli, ni sifa. Picha za harusi zilikuwa hazionwi na mtu. Hizi za ndege niliziweka mtandaoni usiku, na nikiamka nakuta watu mia tatu wamezipenda. Nilianza kutafuta ndege ambao wengine hawana. Basi Julai 2021 kundi moja la wapigapicha wa Nairobi lilipotangaza safari ya Chalbi na nafasi moja imebaki, nililipa siku hiyohiyo.

Chalbi iko kaunti ya Marsabit, kati ya mlima wa Marsabit na Ziwa Turkana. Zamani palikuwa na ziwa. Lililobaki ni kitako chake, uwanda mweupe ambako ganda la chumvi huvunjika chini ya kiatu kama ukoko wa wali. Kutoka Nairobi tulipita Isiolo, tukaendelea kwa lami mpaka mji wa Marsabit. Tulikuwa watano ndani ya Land Cruiser moja, na dereva wetu, mwenyeji wa huko, alikuwa wa sita.

Marsabit tulinunua maharage kilo sita. Si ya kupika. Mpigapicha wa wanyama hujaza maharage kwenye mfuko wa kitambaa kizito, akaulaza kwenye dirisha la gari, na lenzi ikakaa juu yake bila kutikisika. Siku ya mwisho maharage yanapikwa, vumbi na yote. Mimi niliongeza changu: leso nyekundu niliyotoka nayo nyumbani, ya kufunika kamera wakati wa kubadilisha lenzi, maana vumbi la Chalbi lina chumvi na likiingia ndani halitoki. Leso ile ilikuwa na maneno haya: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Usiku, tukiwa Marsabit, mwenzetu mmoja alitusimulia habari za Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, waliopiga kambi kwa miaka kadhaa kwenye ziwa la volkeno ndani ya msitu wa mlima huo, ziwa waliloliita Paradise. Ilikuwa miaka ya 1920, na miongoni mwa waliowadhamini alikuwa George Eastman, mwenye Kodak. Martin alizungusha mkono wa kamera ya sinema huku Osa akisimama kando yake na bunduki. Mnyama akiwa mtulivu mno, walimchokoza aje mbio, maana filamu ya tembo anayekula majani hailipi. Tulicheka sana. Tulijiona sisi ni watu wa zama nyingine, tusio na bunduki.

Kesho yake tulifanya yetu matatu, nami nitayataja kwa zamu.

La kwanza lilitokea kwenye mawe meusi ya Dida Galgalu, kaskazini mwa mlima. Kuna ndege mdogo pale, kipozamataza wa Williams, ambaye hapatikani popote duniani nje ya Kenya. Ukimwona huwezi kumdhania kuwa na sifa hiyo. Ana rangi ya udongo, kimo cha shomoro mnene. Tulimtafuta saa nzima tukamkosa, mwenzetu akatoa spika ndogo akapiga wimbo wa ndege huyo kutoka kwenye simu. Dume alikuja mara moja. Alisimama juu ya jiwe, manyoya ya kichwa yamesimama, akaimba kumjibu mvamizi asiyekuwepo. Tulirudia ule wimbo mara kumi na moja. Alikuwa akitetea nyumba yake dhidi ya simu.

La pili lilikuwa la mbuni. Mbuni wa kaskazini dume ana shingo na miguu ya rangi ya buluu iliyoiva, si ya waridi kama jamaa zake wa Maasai Mara. Tulimwona akitembea kwenye uwanda mweupe, na picha ya mbuni anayetembea kila mtu anayo. Tukamwambia dereva akaze. Alituangalia kwenye kioo, akakaza. Vumbi lilitimka nyuma ya mbuni kama moshi wa garimoshi, nasi tukapiga picha tukishangilia.

La tatu ni choroa wanne waliosimama kivulini mwa mgunga mmoja mchana wa saa saba. Tuliwatoa kivulini kwa honi, ili pembe zao zionekane kwenye mwanga. Baadaye nilikuja kusoma jinsi choroa anavyoishi na jua: badala ya kutoa jasho anaacha joto la mwili lipande kupita kiasi ambacho sisi tungekufa, na usiku linashuka lenyewe. Maji yake ameyapigia hesabu mpaka tone la mwisho. Sisi tuliivuruga hesabu hiyo kwa ajili ya mwanga.

Kalacha ni chemchemi ukingoni mwa Chalbi. Baada ya saa nyingi za weupe na mazigazi, ambapo ngamia huonekana wakielea bila miguu, unaona mikoma, halafu unaona kijani, halafu harufu ya maji yenye magadi inakufikia kabla ya maji yenyewe. Mvua za vuli za mwaka uliotangulia zilikuwa zimekosa, na masika yaliyofuata yakakosa pia. Njiani tulikuwa tumepita mizoga ya ng'ombe. Maji ya Kalacha yalikuwa yanategemewa na kila chenye koo.

Tulijua wakati wa firigogo. Ni ndege wa kimo cha njiwa, mgongo wa rangi ya mchanga. Aina inayofika pale kwa wingi ina tumbo la kahawia iliyokoza. Kutwa nzima hutawanyika jangwani wakiokota mbegu kavu, na kwa kuwa mbegu kavu haina maji, lazima waje kunywa. Huja asubuhi jua likishapanda, makundi kwa makundi, na saa moja au mbili baadaye wameondoka. Saa kumi na mbili tulikuwa tumeshaegesha gari hatua thelathini kutoka majini, vioo chini, mifuko ya maharage dirishani. Jua lilikuwa upande wangu, nikatundika leso dirishani kujikinga.

Saa mbili kasorobo tukawasikia kabla ya kuwaona. Walikuja kutoka kusini, wakashuka, wakafika karibu na maji, kisha wakapinda wote kwa mara moja wakapanda tena. Walizunguka. Wakashuka, wakapinda, wakapanda. Kundi jingine lilikuja likaungana nao. Mbawa zilipata jua kwa chini zikawaka. Sijawahi kupiga picha kwa kasi ile. Wachache walitua mbali kwenye mchanga, wakatembea hatua chache, wakasimama wakatutazama, wakaruka. Ilipofika saa nne kasoro anga lilikuwa kimya, nasi tulikuwa tunakumbatiana.

Nikashuka kunyoosha miguu. Ndipo nilipomwona mzee mmoja Mgabra amesimama chini ya mkoma, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake, na nyuma yake mbuzi kama sitini wamelala. Dereva alinieleza baadaye kwamba alikuwa pale tangu saa mbili. Aliona gari majini akadhani tuna shughuli, akangoja tumalize.

Kwa mazoea ya kwetu nilimwendea. "Asalaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam. Nagaa?"

"Nagaa," nikajibu. Neno hilo, maana yake amani, dereva alikuwa ameshanifundisha.

Akaiangalia lenzi, akaniuliza inaona mpaka wapi. Nikaona nimwonyeshe. Nilimwekea picha ile, ile ya 143, kwenye kioo cha nyuma cha kamera, naye akakitilia kivuli kwa kiganja.

"Ni wengi," akasema.

"Ni wengi, mzee. Na wanapendeza."

Aliendelea kuangalia. "Wamekunywa?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini, mzee?"

"Hii ndege. Wamekunywa?"

Nikaanza kurudisha picha nyuma ili nimwonyeshe wakinywa. Nilibonyeza, nikabonyeza. Nilikuwa na picha elfu moja na mia moja na kitu za asubuhi ile. Ndege wakishuka, ndege wakipinda, ndege wakipanda. Kidole kilianza kuuma. Hakukuwa na picha hata moja yenye mdomo ndani ya maji.

"Hapana, mzee. Hawakunywa."

Hakunifokea, ingekuwa nafuu. Alisema kwa Kiswahili chake cha kaskazini, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Hapa maji iko na zamu. Ngamia iko na siku yake. Mbuzi iko na saa yake. Ndege iko na asubuhi. Nyinyi mlikaa kwa asubuhi ya ndege." Kisha akawapigia mbuzi wake mluzi, wakainuka, wakapita kati yangu na gari kwenda kunywa. Alipofika kwenye birika la saruji aligeuka akaniuliza kama nimekula.

Jioni nilimtafuta nikamwuliza mtu anayetaka kuwaona ndege wakinywa akae wapi. Alinionyesha boma la miiba lililoachwa, kama hatua mia mbili kutoka majini. Masharti yake yalikuwa mawili: tuingie kungali giza, na tusitoke mpaka ndege wa mwisho aondoke. Wenzangu watatu walisema umbali ule si wa picha, wakalala. Tulikwenda wawili. Leso nyekundu niliikunja nikaiacha hemani, nikajifunika shuka la kijivu.

Walikuja saa ileile. Safari hii walizunguka mara moja tu, wakatua mchangani, wakasubiri kidogo wakipima usalama, kisha wakakimbia kwa vijihatua vifupi mpaka majini. Kunywa kwenyewe ni haraka ajabu. Mtu anayejua kuwa kozi huwinda hapohapo hachezi. Wanainamisha kichwa, wanafyonza, wanainua, mara tano au sita, wamemaliza. Katikati yao nikaona madume kadhaa ambao hawakuondoka na wenzao. Waliingia majini mpaka tumboni, wakatanua manyoya ya tumbo, wakawa wanajiyumbisha mbele na nyuma kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni. Walifanya hivyo kwa dakika kadhaa huku wenzao wakiruka. Kisha nao wakainuka, matumbo yamelowa yakiwa meusi, wakaruka chini chini kuelekea jangwani.

Mwenzangu alinong'ona, "Wanaoga?" Nikasema sijui. Nilipiga picha. Kwenye kioo walikuwa vidoto.

Nilikuja kujua nilipofika nyumbani. Dume la firigogo hubeba maji kwa vifaranga. Manyoya ya tumbo lake yana nyuzi ndogo zilizojisokota. Zikilowa zinajinyoosha na kuyashika maji yasimwagike hewani. Anaweza kuruka nayo hata kilomita 30, akasimama mbele ya vifaranga wima, nao wakaingiza midomo kwenye manyoya wakanyonya. Kwa aina moja ya kusini mwa Afrika imepimwa kwamba dume hubeba kama mililita 25, vijiko vitano vya chai. Mfugaji wa ndege wa Kiingereza aitwaye Meade-Waldo aliyaona hayo kwa ndege wake akayaandika mwaka 1896, na wengi hawakumwamini. Ilichukua mpaka 1967, Tom Cade na Gordon Maclean walipoyathibitisha Kalahari, kwa watu kukubali kwamba mzee wa watu hakuwa muongo.

Vijiko vitano. Nilikaa nikipiga hesabu ya asubuhi ile ya kwanza, na sikuipenda.

Hapa wasomaji wa ushuhuda wangetarajia niseme picha niliifuta. Sikuifuta. Wiki mbili baada ya kurudi, nikijua yote hayo, niliiweka mtandaoni, nikaandika "Ngoma ya Jangwani". Picha ya pili, ya vidoto vinavyokunywa, ilikuwa mbaya. Hii ilikuwa nzuri. Nilijiambia yaliyotokea yameshatokea, ndege hawatarudishiwa maji kwa mimi kuificha. Sifa zilimiminika. Kalenda ikaja. Pesa nikazila.

Kilichonigusa hasa hakikutokea jangwani. Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na harusi zikafumka kama uyoga. Kwenye kupamba kwa kwanza baada ya miezi yote ile, mgeni mmoja alikuwa ameingia na simu ndani ya mkoba. Bi harusi aliiona kabla yetu. Hakupiga kelele; bi harusi hapigi kelele. Aligeuza uso kushoto, simu ikahama. Akageuza kulia, ikamfuata. Akainua ukingo wa mtandio, akauteremsha, akainuka nusu kitini, akakaa. Mimi wakati huo sikujua kisa, nilikuwa napiga tu, kwa sababu mtandio ulikuwa unapata mwanga wa taa na hina ya mikononi ikichora duara hewani.

Usiku, nyumbani, nilizipitia. Zilikuwa picha bora za harusi nilizowahi kupiga. Mwili wote wa binti ulikuwa kwenye mwendo, unapinda, unapanda, unapinda. Shangazi yake alikuwa ameshaniambia mlangoni kisa cha simu. Nikajikuta nimeyasema kwa sauti, peke yangu mezani: binti huyu hakuwa anacheza, alikuwa anatafuta pa kutua.

Niliziacha za harusi, nikafungua picha ya Chalbi. Mimi, niliyelelewa kwenye adabu ya kuuliza kabla ya kupiga, niliyejua kikapu cha simu kinawekwa mlangoni kwa nini, nilikuwa nimeivua adabu hiyo nilipofika mahali pasipo na shangazi. Niliiita ngoma hofu ya viumbe wenye kiu. Na leso yangu dirishani, nyekundu, imeandikwa Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Picha za bi harusi nilimpelekea mama yake, nikamweleza zilivyopatikana. Alizifuta zote mbele yangu. Ile ya firigogo niliiondoa mtandaoni usiku huohuo. Kalenda ilikuwa imeshapigwa chapa.

Tangu hapo nafanya kazi kwa swali moja, lile la mzee. Wamekunywa? Kwa mama ndege kwenye kiota nauliza: amelisha? Kwa choroa: amebaki kivulini? Jibu likiwa hapana, picha siiweki popote hata ikiwa nzuri namna gani. Spika niliiaga. Nikifika majini nakaa mbali, naingia mapema, natoka mwisho. Dereva anayesita nikimwambia akaze, namsikiliza kusita kwake. Sasa napata picha moja nzuri pale nilipokuwa napata kumi, na kuna kundi la wapigapicha ambalo halinialiki tena kwa sababu nachelewesha gari. Juzijuzi tu nilipata jaribu: kipanga alikuwa na windo mtini, tawi moja limemziba, na mkono wangu ulikuwa umeshalishika tawi kabla sijakumbuka. Jini la dada yangu halijatoka lote.

Nilijifunza pia kwamba kuna picha ambayo uzuri wake si wa macho. Punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio ya duara, sasa amebaki Kenya na Ethiopia tu. Kumhesabu nchini mwetu, mwaka 2016 na tena 2018, mamia ya watu wa kawaida walitumwa na kamera kaskazini wampige picha ubavu wa kulia, kwa sababu mistari ya kila mmoja ni kama alama ya kidole, na kompyuta inaweza kuilinganisha. Mwaka 2016 ilipatikana hesabu ya 2,350, na 2018 ikawa 2,812. Picha za namna hiyo hazina machweo wala vumbi la dhahabu. Ni mnyama kasimama kiubavu kama kwenye kitambulisho. Novemba 2022, ukame ulipokuwa umekomaa, wizara ya utalii ilitangaza kwamba 49 kati yao walikuwa wamekufa tangu Februari. Nilielewa basi faida ya kitambulisho. Nikikutana nao Samburu siku hizi naanza na ubavu wa kulia, halafu ndiyo machweo, kama yapo.

Februari 2024 nilirudi Kalacha. Mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilikuwa zimepita. Sehemu za Chalbi zilikuwa tope, tukazunguka mbali, na penye mchanga palikuwa na nyasi za kimo cha kifundo cha mguu. Niliingia kwenye boma langu la miiba kungali giza. Jua likatoka. Saa mbili ikapita, saa tatu, saa nne. Walikuja firigogo saba. Jangwa zima lilikuwa na madimbwi, na ndege mwenye dimbwi mlangoni hana haja ya kusafiri. Niliketi pale na lenzi yangu ya bangili mbili, sina picha, na sikumbuki asubuhi nyingine niliyofurahi kiasi kile.

Mzee sikumkuta. Alikuwa amehamia na ngamia malisho ya mbali, nikaambiwa, kuelekea vilima vya Huri. Nilimkuta mke wa mwanawe akisuka mkeka wa nyumba, nikampa nilichomletea mkwewe: picha ya asubuhi ile ya pili, niliyoisafisha kwenye karatasi kubwa. Mbele kuna mzee na fimbo yake na mbuzi wakisubiri zamu yao. Nyuma, mbali, maji.

Aliifuta mikono, akaiweka picha mapajani. Hakumtazama mzee. Aliwatazama mbuzi, mmoja mmoja, kwa kidole. "Huyu alikufa. Huyu alikufa. Huyu… huyu alikufa. Huyu iko, alizaa mapacha." Alipita kundi zima namna hiyo, na mimi nikakaa kimya, maana hiyo ilikuwa hesabu ya ukame ambayo sikuwa nimeisoma popote. Alipomaliza mbuzi, kidole kilipanda mpaka ukingo wa maji kikakuta vidoto. Akavikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni uchafu?"

"Si uchafu, dada," nikamwambia. "Ni firigogo. Wanakunywa."